Jina la Shemeji

Mtu akikwambia kwamba Kanyange ni mwanamke mpole, ujue hajawahi kukanyaga Juru. Pale Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, watu humjua kwa sauti kabla hawajamjua kwa sura. Akigombana na jembe lililolegea mpini, nyumba sita zinapata habari. Akigombana na bintiye Benitha, wanapata habari mpaka wanaopanga foleni bombani. Ana miaka hamsini na mmoja, mwili mwembamba, mwendo wa haraka, na maharagwe yake, hilo hata wasiompenda wanalikubali, ndiyo yaliyopaliliwa vizuri kuliko yote upande ule. Anapalilia kwa hasira. Magugu hayapati nafasi ya kujitetea.

Hasira hiyo ina mwenyewe. Nitaeleza upesi, maana hata mimi ninayesimulia, nikikaa nayo sana damu inanichemka.

Miaka minane iliyopita, huko ng'ambo ya mpaka, milimani Kivu ya Kusini, kijiji chao kilichomwa moto na watu wakakimbia na ng'ombe waliobaki. Mume wake, Natanaeli, alikuwa amepigwa risasi ya paja. Walimbeba siku nzima kwenye machela ya miti. Walipofika kwenye kijito kimoja kabla ya msitu, kaka mkubwa wa Natanaeli, Mihigo, aliyekuwa akiongoza msafara, alisema machela inawachelewesha wote. Akaamuru Natanaeli alazwe kichakani, aachiwe maji na viazi. Yeye Mihigo angerudi kumchukua akishavusha wanawake na watoto. Kanyange alikuwa mbele, amemshika Benitha mkono, na alipouliza aliambiwa mume wake yuko nyuma anakuja. Aliambiwa hivyo siku mbili. Mihigo hakurudi kijitoni. Natanaeli alikuwa na ng'ombe wanne katika msafara ule, na Mihigo alikumbuka kuwavusha wote wanne. Baadaye akawauza, mmoja mmoja, mpaka wakaisha.

Sasa Mihigo huyohuyo anakaa Juru, hatua mia mbili kutoka kwa Kanyange. Ni mzee wa kanisa. Ana koti la kijivu na anaomba sala ndefu kuliko za pasta. Kila Jumapili Kanyange anaikalia sala hiyo huku meno yameumana.

Utauliza, kwa nini asimwendee akamwambia? Hapo ndipo penye fundo. Kwao, mke hatamki jina la baba mkwe wala la kaka mkubwa wa mumewe. Hamtazami usoni, hampandishii sauti, hakai naye benchi moja. Alifundishwa hivyo na mama yake tangu hajachumbiwa, na kwa miaka minane hajalivunja agizo hilo hata mara moja. Akilazimika kumtaja Mihigo anasema "yule", basi. Mume wake alilazwa kichakani afe, naye akabaki anamtunzia heshima mtu aliyemlaza. Nikiambiwa niseme ukweli, heshima ya namna hiyo naiona ukatili mtupu, lakini mimi si wa kwao, na si mimi niliyefundishwa.

Hasira lakini haina adabu ya ukoo. Ikikosa mlango mmoja inatafuta mwingine. Ya Kanyange ilimpata Benitha. Chumvi ikizidi, Benitha. Mvua ikichelewa, Benitha. Usingizi ukikataa, na ulikataa karibu kila siku, Benitha ndiye aliyekohoa akamwamsha. Binti alikua ndani ya kelele hizo kuanzia miaka kumi na mmoja mpaka kumi na tisa, na kelele hazikuwa zake.

Kisha akatokea Emery, kijana wa kwao, fundi wa kuchomelea vyuma mjini Mbarara, karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Anampenda Benitha na anataka kumwoa kwa utaratibu. Mtamba wa posa yuko tayari kwa mjomba wake huko Kabingo. Tatizo ni kwamba ng'ombe wa posa hupokewa na baba wa binti, na baba asipokuwepo hupokewa na kaka wa baba. Natanaeli alikuwa na kaka mmoja tu. Mara mbili watu wa Emery walifika na mtamba wao, na mara mbili Kanyange aliwarudisha, wao na kamba yao. Alisema afadhali afe kuliko kumwona yule akisimama mahali pa mume wake.

Mara ya pili waliporudishwa, Benitha hakulia. Alimaliza kuosha masufuria, akayafunika, akaja kusimama mbele ya mama yake.

"Mama, miye nimechoka. Jumamosi mbili kutoka leo banaleta ile ng'ombe mara ya tatu. Mara ya ine haitakuwako. Ukibarudisha tena, nabeba bintu byangu, naenda Mbarara na miguu yangu, na hautaniona tena hapa."

"Nani atapokea? Yule? Yule atasimama fasi ya baba yako?"

"Baba alikufa, Mama. Miye ningali muzima."

Kanyange aliinua mkono kumpiga, ukabaki hewani. Benitha aliungoja. Mkono ulipokosa pa kwenda, binti alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupanga mambo yake, kwamba ameshaandikisha jina la mama yake kwenye kikundi cha kina mama cha kusikiliza mafunzo ya kutuliza moyo, na kikao ni Jumanne.

Kikundi kilikutana katika jengo la mabati karibu na shule. Kiongozi wao, Gisèle, alikuwa msichana wa Uvira mwenye umri wa kuweza kuwa binti yao, na alikuwa na spika ndogo nyeusi. Ndani ya spika alitoka mwanamke anayesema Kiswahili cha redio, taratibu, kama hana haraka na maisha.

"Weka nyayo zako zote mbili chini. Sikia ardhi inavyokubeba. Sasa lete moyoni jambo moja linalokuumiza. Usilifukuze. Vuta pumzi, ulipe nafasi."

Wanawake kumi na wawili wakafumba macho, wakavuta pumzi, wakaitoa, na wote kwa pamoja wakasema, "Amina!"

Gisèle aliwaeleza tena kwamba hii si sala. Walimwelewa vizuri kabisa. Wakasema Amina na kwa hilo pia.

Kanyange hakusema Amina. Alisimama ghafla mpaka benchi likainuka upande wake.

"Nilipe fasi? Miaka munane ile kintu iko na fasi yote! Inalala kwa kitanda yangu, inakula kwa sahani yangu. Bale ba misaada banasema vumilia. Pasta anasema samehe. Sasa na ninyi munaleta sanduku inasema vuta hewa. Na ule aliyefanya vile, yeye banamwambia nini? Na yeye anavuta hewa?"

Wengine waliinamisha vichwa kwa aibu na wengine kwa sababu swali lilikuwa lao pia. Gisèle alizima spika. Ningemtarajia atoe maneno ya kupoza, yale ya semina, lakini hakuyatoa.

"Hapana, Mama Benitha. Hakuna mutu hapa atakwambia ile kintu ilikuwa muzuri. Ilikuwa mubaya, itabakia mubaya. Na kasirani yako sikuombe uitupe. Miye niko na ulizo moja tu. Ile kasirani ikikuya, miguu yako inaenda wapi?"

"Inaenda wapi namna gani?"

"Angalia tu. Wiki hii yote. Ikikuya, usiigombeze, usiifukuze. Angalia fasi miguu inakupeleka."

Kanyange alitoka akisema ni upuuzi. Aliusema upuuzi huo njia nzima mpaka nyumbani, na usiku akaurudia kwa dari. Miguu! Mume wake ameachwa porini, na mtoto wa juzi anamuuliza habari za miguu!

Alhamisi, alipomkuta Benitha anakunja nguo zake mbili nzuri na kuziweka ndani ya mfuko, hasira ilimjaa mpaka masikioni. Hakusema neno. Alifunga kitambaa kichwani, akapanda pikipiki mpaka Kabingo, na kutoka Kabingo akaunganisha mpaka Mbarara. Alikuwa anaenda kumwaibisha Emery mbele ya watu, amwambie mwizi wa watoto, amwambie hana mila, amwambie yote.

Karakana ya Emery ni kibanda cha mabati chenye mageti yaliyoegeshwa nje, mkabala na njia ya kuelekea kambini. Kijana alikuwa amevaa miwani ya giza, anachomelea bawaba. Kwenye kigoda alikaa mwanamke mmoja mnene, mke wa askari, akingoja geti la banda lake la kuku. Kanyange alianza kupiga kelele akiwa bado upande wa pili wa barabara. Mwizi! Kijana asiye na wazee! Wapita njia walisimama. Emery alivua miwani, akazima mashine, akabaki mikono chini.

Mke wa askari ndiye aliyenyanyuka.

"Nyabo, mama, wewe nafanya makelele ya nini? Huyu kijana nakosa nini? Sema, tusikie. Kama naiba, tunaita askari sasa hivi, askari iko hapa tu."

Lilikuwa swali rahisi. Kanyange alitafuta kosa la kutaja. Emery amekosa nini? Ameleta mtamba mara mbili. Amerudishwa mara mbili, na mara zote mbili aliaga kwa adabu. Watu walikuwa wanangoja. Kanyange aliinamisha macho, akaiona miguu yake ndani ya kandambili za buluu, nyekundu kwa vumbi la Nakivale, imesimama juu ya lami ya Mbarara.

Miguu ilikuwa imemleta mbali hivyo. Ilikuwa imeipita nyumba ya yule, hatua mia mbili tu, ikapita mashamba na Kabingo na vilima vyote vya Isingiro, ili ije imtukane mtoto wa watu asiye na kosa. Na kabla ya leo, kwa miaka minane, ilikuwa ikimpeleka kwa Benitha. Haijawahi hata siku moja kumpeleka kwa mwenye kosa. Alisikia aibu, na chini ya aibu hasira ikawaka mara mbili ya ile aliyotoka nayo nyumbani. Tofauti ni kwamba sasa aliiona uso.

"Kaa, Mama," Emery alisema, akamletea kigoda. "Miye siibe mutoto wako. Benitha aliniambia tukimbie, nilimukatalia. Nitaleta ile ng'ombe mpaka siku utaipokea."

"Si miye napokea," Kanyange alisema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Najua, Mama. Najua ni nani."

Mke wa askari, ambaye hakuelewa hata nusu, aliona mambo yametulia, akamnunulia Kanyange soda na kumuuliza kama anajua dawa ya kuku wanaokohoa. Kanyange alikunywa soda akamweleza. Kuku alikuwa anawajua.

Kuanzia siku iliyofuata alifanya jambo ambalo majirani walilichukulia kuwa wazimu. Kila hasira ilipomjia aliweka jembe chini na kuelekea kwa yule. Siku ya kwanza alifika mwisho wa shamba lake mwenyewe. Alisimama pale, nyayo chini, akaiacha hasira imchome alivyozoea kuchomwa, bila kuipa Benitha na bila kuimeza. Alibaki hivyo muda wa sufuria ya chai kuchemka, kisha akarudi kupalilia. Siku ya pili alifika kwenye muhogo wa jirani. Siku ya nne alifika kwenye ua wa yule. Mihigo alikuwa nje akinoa panga. Alimwona shemeji yake amesimama, amemkazia macho, kitu ambacho hakijawahi kutokea tangu siku ya arusi yake na Natanaeli, akaacha panga juu ya jiwe akaingia ndani.

Usidhani alikuwa amepona. Jioni ileile maharagwe yaliungua, naye akamgeukia Benitha na kelele zote. Alifika katikati ya sentensi, "We mutoto usiye na—", akanyamaza. Benitha alingoja zilizobaki. Kanyange alitazama miguu yake mwenyewe, imesimama mbele ya binti kama kawaida yake.

"Si we," alisema. "Si we niko nagombeza. Leta maji tuoshe hii sufuria."

Jumanne ya pili alimwambia Gisèle mahali ambapo miguu inakwenda, kituo kwa kituo. Wale wanawake wengine walisahau kusema Amina.

Habari za kanisani hazikai. Pasta Astère alisikia kwamba Mama Benitha anahudhuria mafunzo ya moyo, kwamba amepunguza kelele, na kwamba ameonekana akielekea nyumbani kwa mzee Mihigo. Yeye akajumlisha anavyojua kujumlisha. Alikuja Ijumaa, mwenye furaha kweli, na sitamlaumu kwa furaha, namlaumu kwa haraka.

"Mama, tunamushukuru Mungu. Kesho ile ng'ombe ikifika, nitakupa dakika mbele ya batu utoe ushuhuda, useme vile umesamehe."

Kanyange alimtazama. Hasira ilimpanda. Aliiacha ipande.

"Nitasema, Pasta," alisema.

Jumamosi watu wa Emery walifika saa nne, na mtamba wa kahawia mwenye baka jeupe begani. Mabenchi yalikuwa yamepangwa pande mbili chini ya turubai. Mihigo alikuwa mbele, ndani ya koti la kijivu, fimbo mkononi, tayari kwa kazi yake. Benitha alikaa na wenzake, amefunikwa kitambaa, vidole vyake vinavuta uzi wa mkeka. Mfuko wa nguo zake ulikuwa bado nyuma ya mlango. Kanyange aliuona wakati wa kutoka, wala hakuugusa.

Pasta alifungua kwa sala, akatangaza kwamba leo kuna ushuhuda mkubwa. Kanyange akasimama. Kwanza alivua kandambili zake akaziweka kando. Watu wakadhani ni kwa ajili ya utakatifu wa mahali. Mama mmoja alianza hata kuimba. Kanyange aliweka nyayo zote mbili kwenye udongo. Alimtazama shemeji yake usoni.

"Mihigo," alisema.

Yule mama aliacha kuimba. Wazee upande wa pili waliguna. Mke wa mtu, mwenye mvi, ametaja jina la kaka mkubwa wa mumewe mbele ya ng'ombe wa posa! Benitha alifunua kitambaa.

"Mihigo, ulimulaza Natanaeli kwa kijito ukasema unarudia. Haukurudia. Miye uliniambia iko nyuma anakuya. Ng'ombe zake ine ulizivusha. Miaka munane unaomba sala mbele yangu, haujasema jina yake hata mara moja."

"Mama, mama," Pasta alisema, amesimama nusu. "Tulisema ushuhuda—"

"Huu ni ushuhuda, Pasta. Kaa."

Pasta akakaa.

"Sijasamehe. Pengine nitakufa sijasamehe, hiyo ni yangu na Mungu, batu basijiingize. Lakini huyu mutoto hana deni ya ile kijito. Nilimulipisha miaka munane, na leo naacha." Akamgeukia tena shemeji yake. "Mihigo, kazi ya leo ni ya kaka ya Natanaeli. Simama uifanye. Pokea ng'ombe ya mutoto wake vile bakubwa banapokeaka. Kisha uende ukae mbali na miye."

Akakaa. Hakuvaa kandambili.

Mihigo alisimama akiwa ameegemea fimbo. Alimkaribia mtamba, akamwekea mkono mgongoni kama inavyotakiwa. Maneno ya kupokea si mengi, kila mtu pale anayajua tangu utotoni: anayepokea hutangaza kwamba ng'ombe wa binti wa fulani amefika nyumbani kwa fulani. Hapokewi bila jina la baba.

"Ng'ombe ya mutoto wa..." alisema Mihigo, akakwama.

Hakuna aliyemsaidia. Angeweza mzee mwingine kulidondosha jina lile, na siku nyingine wangelidondosha, lakini si leo. Mtamba alitikisa sikio. Mihigo alijaribu tena, midomo ikacheza bila sauti.

"Wa Natanaeli," alisema mwishowe. "Ng'ombe ya mutoto wa Natanaeli imefika kwa Natanaeli." Kisha, kwa sauti ambayo walioisikia ni wa benchi la mbele tu, "Nilimuacha. Niliogopa."

Alikwenda kukaa mbali, alivyoambiwa, nyuma kabisa, karibu na masufuria.

Kanyange alingoja kitu kitokee ndani yake. Alifikiri pengine mzigo utaanguka, pengine atalia, yale ambayo watu husimulia kanisani. Hakikuanguka kitu. Alimtazama yule mzee amejikunyata nyuma na koti lake na bado alitaka kumrushia jiwe. Natanaeli bado alikuwa kichakani. Watu wa Emery walianza kupiga makofi taratibu, kwa wasiwasi, kisha kwa nguvu, na wanawake wakapokea kwa wimbo.

Benitha alipita katikati ya mabenchi, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamtazama kwa muda. Alimjua vizuri kuliko mtu yeyote.

"Mama, ungali na kasirani?"

"Mingi," alisema Kanyange. "Leta chakula, mutoto wangu, nasikia njaa."